Bilauri ya Ukumbusho: Nani Aliitengeneza, na Lini?

Ni bilauri fupi ya kioo kizito, inayojaa kiganja. Sehemu ya chini haina rangi na imezungukwa na safu ya matao madogo yaliyojaa vifundo. Sehemu ya juu ni nyekundu, rangi ya damu ya mzee. Katikati ya wekundu huo kuna mwandiko mweupe wa kulala: "Atlantic City 1904", na chini yake jina la mwanamke. Vyombo vya namna hii vilienea Marekani kuanzia miaka ya 1890 hadi Vita Kuu ya Kwanza: bilauri, vijagi vya maziwa, vikombe vya kuwekea vijiti vya meno, vibakuli vya chumvi. Leo utavikuta minadani, kwenye maduka ya mitumba ya huko, kwenye makabati ya watu waliorithi, na pengine ndani ya sanduku la vyombo lililorudi Mombasa au Dar es Salaam pamoja na mtu aliyekaa ughaibuni miaka mingi.

Ukimuuliza muuzaji umri wa bilauri hiyo, atakuonyesha maandishi. Si imeandikwa 1904? Ni kweli imeandikwa, lakini hiyo ni habari ya mtu mmoja tu kati ya watatu waliokishika chombo hicho kabla hakijafika kwa mteja. Wa kwanza ni kiwanda, kilichotia kioo cha moto kwenye kalibu ya chuma na kukikandamiza. Wa pili ni karakana ya mapambo, ambayo mara nyingi haikuwa mali ya kiwanda. Ilinunua vyombo visivyo na rangi kwa wingi na kuvipaka. Wa tatu ni mchongaji aliyekaa kibandani ufukweni au kwenye viwanja vya maonyesho, akiwa na gurudumu dogo la kusagia, akimwandikia mteja jina lake papo hapo. Ni kama fulana ya kampeni: lebo ya shingoni inakuambia ilikoshonwa, na picha ya mgombea ilichapwa Kariakoo mwezi wa uchaguzi. Anayetaka kujua historia ya fulana hiyo lazima asome vyote viwili, na asichanganye kimoja na kingine.

Kwa hiyo swali la "nani na lini" huzaa maswali matatu, na kila moja lina ushahidi wake mwilini mwa chombo. Ushauri wangu ni kuisoma bilauri kuanzia kitakoni kwenda juu na kuyaacha maandishi mwisho. Maandishi ndiyo yanayovuta macho, na ndiyo yaliyo rahisi kuongezwa baadaye.

Tuanze na kioo chenyewe. Kabla ya miaka ya 1860, kioo kizuri cha kukandamizwa kule Marekani kilitiwa risasi nyingi, na bei yake ilikuwa kubwa. Mwaka 1864 William Leighton, wa kiwanda cha Hobbs, Brockunier mjini Wheeling, West Virginia, alipata mchanganyiko wa soda na chokaa uliokaribia mng'aro wa kioo cha risasi kwa gharama ndogo. Hapo ndipo zawadi ya senti chache ilipowezekana. Ukiigonga bilauri ya ukumbusho kwa ukucha ukasikia mlio mfupi usiovuma, usidhani umeuziwa kitu cha ovyo. Ndivyo zilivyo nyingi.

Pitisha ukucha ubavuni taratibu. Kwenye kioo cha kukandamizwa utahisi mishono ya kalibu, miwili, mitatu au zaidi, ikishuka mwilini. Kisha ingiza kidole ndani. Kama nje kuna vifundo na ndani ni laini kabisa, chombo kilikandamizwa, kwa sababu mchi wa chuma ndio uliolainisha upande wa ndani. Kama mabonde ya ndani yanafuata vifundo vya nje, kilipulizwa ndani ya kalibu. Kovu la duara katikati ya kitako, limesagwa au limeachwa na makali, ni alama ya fimbo ya chuma iliyoshika chombo kilichopulizwa kwa mkono wakati mdomo wake ukimaliziwa. Hayo matatu hayataji jina la kiwanda, lakini yanakuondolea nusu ya majina.

Rangi nayo ina usemi wake. Kioo kisichotiwa rangi, cha miaka ya 1880 hadi Vita Kuu ya Kwanza, mara nyingi kilisafishwa kwa manganizi ili kuondoa ukijani unaoletwa na chuma kilichomo mchangani. Kikikaa juani miaka mingi, kioo hicho hugeuka urujuani hafifu. Vita vilipokata njia za manganizi, viwanda vikahamia kwenye seleni, nayo kwa jua la miaka hubadilika kuelekea njano ya majani makavu. Urujuani hafifu kwenye kitako kinene ni ushahidi mzuri. Urujuani mzito unaofanana na wino ni jambo la kutilia shaka, maana wako wafanyabiashara wanaopeleka kioo cha zamani kwenye mashine ya mionzi ili kigeuke kwa siku chache na kuuzwa ghali. Kioo kweli ni cha zamani, ila rangi hiyo ni ya juzi, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa.

Kuna pia kile kioo cha rangi ya kastadi, cha manjano iliyopauka na kisichopitisha mwanga vizuri, ambacho mara nyingi kimechorwa ua la waridi na kuandikwa jina la mji kwa dhahabu. Ndani yake mna urani kidogo. Ukikimulika gizani kwa tochi ya urujuanimno, ile inayouzwa kwa kukagulia noti, kitawaka kijani angavu. Kuwaka huko peke yake hakuthibitishi umri, kwani kioo cha urani kingali kinatengenezwa hadi leo. Kunathibitisha tu kwamba hujauziwa kioo cheupe kilichopakwa rangi.

Sasa pindua chombo. Kitako kilichokaa mezani miaka mia kina mikwaruzo pale tu kinapogusa meza, na mikwaruzo hiyo inakwenda kila upande, mingine mirefu, mingine kama vumbi. Kitako kilichosuguliwa kwa msasa kina mistari ya mwelekeo mmoja, na mara nyingi mistari hiyo inaingia hata kwenye shimo la katikati ambalo halijawahi kugusa meza. Lenzi ndogo ya mafundi saa inatosha kuliona hili, nami naona ni kifaa chenye faida kuliko kitabu chochote cha bei.

Hapo kitakoni ndipo unapotafuta alama ya kiwanda. Usitazame kutoka juu. Weka taa ubavuni, mwanga upite kwa kulala, na alama iliyokandamizwa itatupa kivuli. Alama iliyochorwa kwa asidi huwa nyembamba mno, hivyo pumulia kitako pumzi ya moto: ukungu unapotanda, herufi hujitokeza kwa muda mfupi. Angalia pia ndani ya bilauri chini kabisa, kwenye shina la kikombe, na chini ya mkono wa jagi.

Alama inayojulikana kuliko zote katika vyombo vya mwanzo wa karne ya 20 ni herufi H ndani ya almasi. Hiyo ni ya A. H. Heisey, kiwanda cha Newark, Ohio, kilichoanza uzalishaji mwaka 1896 na kufungwa mwaka 1957. Alama ilianza kutumika mwanzoni mwa karne hiyo, kwa hiyo chombo cha Heisey kisicho nayo kinaweza kuwa cha miaka ya mwanzo kabisa, au kimoja kati ya vingi vilivyotoka na karatasi ya gundi tu. Bilauri na vijagi vya kastadi vya Heisey, hasa vya nakshi zinazoitwa Ring Band na Punty Band, vilikuwa kipenzi cha wauza kumbukumbu. Ila kuna mtego mmoja. Kiwanda cha Imperial kilinunua kalibu za Heisey mwaka 1958, na kwa miaka kadhaa baadhi ya vyombo vyake vilitoka na almasi ileile. Basi almasi inataja kalibu. Mwaka utauthibitisha kwa rangi na umbo.

Mtego wa pili huwaangusha watu wengi zaidi, nao ni wa herufi H na A. Hazel-Atlas, kampuni iliyoundwa mwaka 1902 na kununuliwa na Continental Can mwaka 1956, iliweka H kubwa na A ndogo ikiwa imeingia chini kati ya miguu ya H. Watu huona H, wakaona A, wakasema Anchor Hocking. Siyo. Hocking Glass ya Lancaster, Ohio, iliungana na Anchor Cap mwaka 1937, na alama yake ni nanga yenye H juu yake. Baadaye H ikaondolewa, ikabaki nanga ndani ya mstatili. Chombo chenye nanga hiyo, basi, hakiwezi kuwa cha kabla ya 1937, hata kama pembeni kimeandikwa ukumbusho wa maonyesho ya mwaka 1904. F ndani ya ngao ni Federal Glass ya Columbus, Ohio, iliyofungwa mwaka 1979. L ya mwandiko wa kulala ni Libbey. Nambari moja au mbili zilizo karibu na alama hizo kwa kawaida ni za kalibu. 54 iliyo kitakoni haimaanishi mwaka 1954.

Fenton ya Williamstown, West Virginia, ndiyo iliyowatendea wema wakusanyaji. Jina lake ndani ya duaradufu lilianza kukandamizwa kwenye vyombo mwaka 1970, kwanza kwenye kioo cha kanivali, kile chenye mng'ao wa upinde wa mvua. Miaka ya 1980 ikaongezwa 8 ndogo chini ya jina, miaka ya 1990 ikawa 9, na baada ya 2000 ikawa 0. Laiti wote wangefanya hivyo.

Vyombo vingi vya ukumbusho havina alama yoyote, na bilauri yetu nyekundu ni mojawapo. Hapo nakshi ndiyo jina. Matao yenye vifundo kwenye kitako huitwa na wakusanyaji Button Arches, na ni kazi ya George Duncan's Sons wa Washington, Pennsylvania, ya mwishoni mwa miaka ya 1890. Nakshi nyingine maarufu ina madoa ya mviringo kama alama ya kidole gumba, nayo huitwa King's Crown; ilitoka kwa Adams & Company ya Pittsburgh mwaka 1890 hivi, na mwaka uliofuata Adams wakaingia kwenye muungano mkubwa wa viwanda ulioitwa United States Glass Company. Wekundu, kwa upande wake, mara nyingi ulitiwa kwingine. Pittsburgh palikuwa na Oriental Glass Company, ambayo kazi yake ilikuwa kupaka na kupamba vioo vya wengine. Kwa hiyo chombo kimoja kinaweza kuwa cha Duncan kwa kalibu, cha karakana nyingine kwa rangi, na cha mchongaji asiyejulikana kwa maandishi. Anayeandika jina moja tu kwenye kadi ya maelezo ameacha wengine nje.

Huo wekundu unastahili kutazamwa kwa karibu, maana unauzwa kwa majina yasiyo yake. Wauzaji wengi hudai ni kioo chekundu kilichovikwa juu ya kioo cheupe. Kilichofanyika ni kwamba rangi yenye shaba ilipakwa kwa brashi juu ya kioo kisicho na rangi, kisha chombo kikarudishwa tanurini, shaba ikazama kidogo juujuu ya kioo na kuwa nyekundu. Tafuta mahali palipobanduka ukingoni. Kioo chekundu cha kweli kina wekundu hadi ndani ya jeraha. Kilichopakwa kina jeraha jeupe. Ndiyo maana mchongaji alipopitisha gurudumu, maandishi yalitoka meupe bila kuhitaji rangi nyingine.

Na hapo lenzi inafanya kazi yake kubwa. Fuata mkwaruzo mmoja wa zamani kwenye wekundu mpaka ufike kwenye herufi. Kama mchoro ni wa zamani kuliko mkwaruzo, mkwaruzo utagusa kingo zote mbili za herufi na wakati mwingine kuacha alama hata ndani ya mfereji wake. Kama mkwaruzo umekatwa ghafla na herufi, na mfereji ni msafi wenye kingo kali, herufi imekuja baada ya mkwaruzo, yaani mtu ameandika juu ya chombo kilichokwisha kuzeeka. Mkunjo wa herufi katika chombo cha kweli huwa na uchafu uliogandamana usiotoka kwa sabuni.

King's Crown inahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu nakshi hiyo ilirudi sokoni katikati ya karne ya 20, kwanza kupitia kiwanda cha Tiffin, kisha Indiana Glass. Glasi za mvinyo zenye shina na ukingo mwekundu zilizojaa maduka ya mitumba kule Marekani nyingi ni za kizazi hicho. Hazina kosa lolote, ni nzuri mezani. Kosa ni kuziita za mwaka 1890.

Maonyesho makubwa ya kimataifa yaliacha vyombo vinavyotambulika kwa urahisi zaidi, kwa kuwa viwanda vyenyewe vilikwenda kufanya kazi mbele ya umati. Philadelphia mwaka 1876, Gillinder & Sons walijenga tanuri ndani ya viwanja vya maonyesho ya miaka mia ya taifa, watu wakaona kioo kikimiminwa na kuondoka na kiatu kidogo cha kioo chenye jina la Gillinder na maneno ya maonyesho hayo. Chicago mwaka 1893, Libbey, waliokuwa wamehamia Toledo kutoka Massachusetts mwaka 1888, walifanya vivyo hivyo, na baadhi ya vyombo vyao vimeandikwa jina la kampuni na maonyesho. Hapa mikono mitatu inakuwa mmoja: kiwanda, mpambaji na muuzaji walikaa chini ya paa lile lile, na mwaka ulioandikwa ni mwaka wenyewe. Ndiyo maana vyombo hivi ni vipimo vizuri vya kulinganishia vingine.

Baada ya hapo soma maneno, na usome hata yasiyo tarehe. Jina la nchi ni kalenda. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa za nje zitajwe nchi zilikotoka kuanzia Machi 1891. Kukosekana kwa jina hakuthibitishi kitu, kwa sababu karatasi ya gundi huosheka. Kuwepo kwake kunathibitisha mengi. Czechoslovakia ilizaliwa mwaka 1918 na kukoma mwishoni mwa 1992. "West Germany" ni kati ya 1949 na 1990. "Occupied Japan" haiwezi kupita mwaka 1952. Ramani ya Marekani isiyo na Alaska na Hawaii kwa kawaida ni ya kabla ya 1959. Daraja la Golden Gate lilifunguliwa 1937, Disneyland 1955, mnara wa Space Needle ni wa 1962. Pambo kwa kawaida si la zamani kuliko kitu linachokionyesha.

Njia hiyo inafaa hata kabatini kwetu. Glasi iliyoandikwa Tanganyika kama dola huru ina dirisha jembamba, kuanzia Desemba 1961 hadi Aprili 1964. Léopoldville lilikuwa jina la Kinshasa hadi 1966, na Zaire ilidumu kuanzia 1971 hadi 1997. Vyombo vya kifalme vilivyoletwa na Waingereza vinahitaji jicho la pekee, maana vilitengenezwa mapema kusubiri sherehe. Edward wa Saba alipangiwa kutawazwa tarehe 26 Juni 1902, akaugua, sherehe ikafanyika tarehe 9 Agosti. Chombo chenye tarehe ya Juni si bandia, kiliwahi tu kutoka. Edward wa Nane alipangiwa Mei 1937 na akajiuzulu Desemba 1936, na bilauri za kutawazwa kwake zilikuwa tayari sokoni. Sarafu zilizotobolewa za senti tano na kumi za Afrika Mashariki za mwaka 1936 zina jina lake pia.

Glasi zenye picha zilizochapwa kwa rangi nzito, za miji, majimbo na mbio za farasi, ni za zama za mashine, kuanzia miaka ya 1930 hivi kuendelea. Kwa hizo umri ni rahisi kuupata, ila zina jambo moja la afya ambalo naomba lisipitwe. Rangi za zamani za kuchapwa au kuchorwa juu ya kioo mara nyingi zina risasi au kadimi. Hata Juni 2010, McDonald's iliondoa sokoni Marekani glasi milioni 12 za filamu ya Shrek kwa sababu ya kadimi kwenye rangi. Glasi ya zamani iliyopambwa karibu na mdomo iwekwe kabatini, isipewe mtoto, na isitiwe maji ya ndimu wala siki, kwa sababu tindikali huvuta madini hayo. Ioshwe kwa mkono, maji ya vuguvugu na kitambaa laini; mashine ya kuoshea vyombo hufuta dhahabu kwanza, kisha wekundu.

Ukikwama, kuna mahali pa kuuliza. Jumba la makumbusho la kioo la Corning, jimboni New York, lina maktaba ya Rakow, yenye katalogi za viwanda vya zamani. Newark, Ohio, kuna jumba la makumbusho la Heisey. Waswahili wanaoishi Columbus wako karibu na chanzo: Federal ilikuwa mjini humo humo, na Newark na Lancaster zote ni mwendo wa gari usiozidi saa moja. Unapoandika kuuliza, tuma picha ya kitako iliyomulikwa kwa ubavu, picha ya mshono, picha ya maandishi kwa karibu, na vipimo vya kimo na upana wa mdomo kwa milimita. Hesabu matao au vifundo vinavyozunguka na uandike idadi, kwa sababu viwanda viliigana, na kiwanda kimoja kilitoa nakshi moja kwa ukubwa mbalimbali. Kwenye kadi yako andika kiwanda mstari mmoja, rangi mstari wa pili, maandishi mstari wa tatu, na penye shaka weka neno "huenda" kwa kalamu ya risasi.